Herufi Kubwa Haisikiki kwenye Simu

Ukiingia Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa barabara kuu itokayo Isaka, ukishaipita Nyakanazi unafika Lusahunga, mahali njia zinapoachana: moja inakwenda Biharamulo mjini, nyingine inaelekea Ngara hadi Rusumo, mpakani na Rwanda. Zipo hati zinazoandika Lusahunga na zipo zinazoandika Rusahunga. Huko Ngara, hospitali moja ya siku nyingi utaikuta imeandikwa Murgwanza hapa na Murugwanza pale. Ndani ya Mkoa huohuo wa Kagera kuna wilaya ambayo karatasi nyingine huiita Missenyi na nyingine Misenyi. Dereva wa lori hapotei kwa sababu hiyo, wala mgonjwa hakosi hospitali. Sikio la mwenyeji limezoea kupokea L na R kama watoto wa nyumba moja, na jicho lake linajua kwamba s moja na s mbili zinamfikisha palepale.

Kanzidata haina sikio hilo. Kanzidata za mahusiano, yaani zile zinazotunza habari katika majedwali yanayounganishwa kwa safu za pamoja, leo zimebeba takwimu za afya, shule, mishahara na kodi za kila halmashauri nchini. Ndani yake kila jedwali lina jina na kila safu ina jina. Swali ninalotaka kulichambua linaonekana dogo: je, jedwali liitwalo Vituo na jedwali liitwalo vituo ni jedwali moja au mawili? Jibu hutegemea aina ya kanzidata, kompyuta ilikosakinishwa, na kama aliyeliunda jedwali alilifunga jina lake ndani ya alama za nukuu. Na gharama ya jibu hilo mara nyingi humwangukia mtu aliye mbali kabisa na aliyelitoa.

Simu kutoka Ngara

Tuchukue mfano. Ofisa takwimu aliyeko Ngara anataka orodha ya zahanati ambazo hazijaleta ripoti ya mwezi. Mfumo anaoutumia ulitengenezwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mezani pake. Anampigia simu fundi kijana.

"Shikamoo mama. Andika select, nyota, from, vituo. Halafu nukta mkato."

Mama anaandika neno kwa neno. Mashine inamjibu kwamba jedwali vituo halipo. Anamsomea fundi jibu hilo kwa sauti, na fundi anashangaa, kwa kuwa jedwali analiona kwenye kioo chake. Wote wawili wamesema kweli. Jedwali linaitwa "Vituo", kwa V kubwa, na V kubwa ikitamkwa haitofautiki na v ndogo hata kidogo.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Katika wilaya za mpakani, msaada wa kiufundi husafiri kwa sauti: kwa simu, kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa mtu kumsimamia mwenzake nyuma ya kiti na kumwambia andika hiki, futa kile. Jina la jedwali ni chombo cha kazi ya pamoja, hivyo ni lazima liweze kusemwa na mtu mmoja na kuandikwa sawasawa na mwingine. Jina linalotegemea ukubwa wa herufi linashindwa mtihani huo siku ile ile linapozaliwa.

Zilikotoka herufi kubwa

Ili kuelewa kwa nini mashine zinagombana juu ya jambo hili, turudi nyuma. Kompyuta nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilitumia biti 6 kwa kila alama. Biti 6 hutoa nafasi 64 tu. Tarakimu 10 na seti mbili za herufi 26 zingekula nafasi 62, zikabaki 2 za kugawana nukta, mkato, mabano na alama zote za hesabu. Haikuwezekana. Kwa hiyo mashine ziliandika kwa herufi kubwa peke yake. Msimbo wa ASCII ulipotolewa mwaka 1963 bado haukuwa na herufi ndogo. Ziliingia katika toleo la 1967.

Mwaka 1970 Edgar F. Codd wa kampuni ya IBM alichapisha nadharia ya kupanga data katika mahusiano. Mwaka 1974 wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha ya kuulizia data hizo waliyoiita SEQUEL, ambayo baadaye ilifupishwa kuwa SQL. Lugha hiyo ilikulia katika ulimwengu ambao herufi kubwa ndiyo ilikuwa herufi. Shirika la viwango la Marekani, ANSI, liliipitisha kuwa kiwango mwaka 1986, na ISO mwaka 1987. Kanuni ya kiwango ikawa hivi: jina lisilo na nukuu lichukuliwe kana kwamba limeandikwa lote kwa herufi kubwa. Ukiandika vituo, Vituo au ViTuO, mashine inasoma VITUO.

Kanuni hiyo ilikuwa na huruma ndani yake. Ilimruhusu mtu aandike kama mkono wake ulivyozoea, na mashine ikabeba jukumu la kusawazisha. Lakini watu walitaka pia majina yenye nafasi katikati, majina yenye alama, na majina yanayofanana na amri za lugha yenyewe. Kiwango cha mwaka 1992 kikawapa njia: funga jina ndani ya nukuu mbilimbili, nalo litachukuliwa lilivyo, herufi kwa herufi. Tangu hapo majina yakawa ya aina mbili: yanayosawazishwa na yasiyoguswa. Ugomvi wote unaanzia pale aina hizo mbili zinapokutana katika jedwali moja.

Kila mfumo na desturi yake

Oracle na DB2 hufuata kiwango: jina lisilo na nukuu hugeuzwa kuwa herufi kubwa. PostgreSQL, iliyochipuka kutoka mradi wa Michael Stonebraker wa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hufanya kinyume: hugeuza jina kuwa herufi ndogo. Ndani ya mfumo mmoja hilo halimdhuru mtu. Ukihamisha ulizo kutoka Oracle kwenda PostgreSQL likiwa na "VITUO" ndani ya nukuu, litakwama, kwa sababu upande wa pili jedwali linaitwa vituo.

MySQL ina hadithi yake, na hii ndiyo huwaumiza wengi. Humo majedwali yamefungamana na mafaili na majalada ya mfumo endeshi, kwa hiyo majina ya majedwali hufuata tabia ya mfumo endeshi wenyewe. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, Linux hutofautisha. Fundi anayetengeneza mfumo kwenye kompyuta mpakato yenye Windows anaweza kuandika Wagonjwa ukurasa mmoja na wagonjwa ukurasa wa pili kwa miezi sita bila kuona kosa. Siku mfumo unapohamishiwa kwenye seva ya Linux, nusu ya kurasa zinakufa. Upo mpangilio wa kudhibiti hali hiyo, uitwao lower_case_table_names, lakini tangu toleo la 8.0 huwekwa siku seva inapoanzishwa tu, na haubadilishwi baadaye. Majina ya safu katika MySQL hayajali ukubwa wa herufi popote pale, jambo linalomfanya fundi aamini kwamba na majedwali yako hivyo. Tena MySQL, isipoamrishwa vinginevyo, huzichukulia nukuu mbilimbili kuwa ni za maandishi ya kawaida. Kwa majina hutumia nukuu ya nyuma, ile alama ndogo iliyo pembeni ya tarakimu 1 kwenye kibodi nyingi.

SQL Server ya Microsoft hutumia mabano ya mraba au nukuu mbilimbili, na uamuzi wa kutofautisha herufi hutoka kwenye kanuni ya mpangilio wa herufi iliyochaguliwa kwa kanzidata husika. SQLite, inayokaa ndani ya programu nyingi za simu ambazo wahudumu wa afya na wadodosaji hutembea nazo vijijini, haijali ukubwa wa herufi za Kilatini hata ndani ya nukuu. Lakini ina mtego wake: ukikosea jina la safu ulilolifunga kwa nukuu mbilimbili, kwa desturi ya zamani huweza kulichukua kuwa ni maandishi tu. Badala ya kukuambia safu haipo, inakurudishia neno lilelile katika kila mstari, nawe unaona jedwali limejaa.

Kwa msomaji asiye fundi, la kubeba kutoka hapa ni moja: ulizo hilohilo, kwa herufi hizohizo, linaweza kujibiwa hapa, kukataliwa pale na kupewa jibu la uongo kwingine. Hakuna mfumo kati ya hiyo ulioharibika. Kila mmoja unatii desturi ya kwao.

Nukuu ni kiapo

Katika PostgreSQL, mtu akiunda jedwali hivi:

CREATE TABLE "Vituo" (namba integer, jina text);

amekula kiapo kwa niaba ya kila atakayekuja baada yake. Tangu siku hiyo, anayetaka jedwali hilo lazima aandike V kubwa na lazima aandike nukuu. Akiandika SELECT * FROM Vituo bila nukuu, PostgreSQL itasawazisha jina liwe vituo, italitafuta, italikosa, na itasema halipo. Mwandishi anasoma jibu lenye jina la herufi ndogo na hakumbuki kuliandika hivyo.

Jambo gumu zaidi ni kwamba mara nyingi mwenye kuapa hajui kwamba ameapa. Ukiunda jedwali kwa kubofya ndani ya pgAdmin, programu ya kuisimamia PostgreSQL, na kuandika jina lenye herufi kubwa, programu inaongeza nukuu kimyakimya. Zana nyingine zinazomsaidia mtengenezaji wa mifumo kuunda majedwali kutoka kwenye msimbo wake, kama Prisma, Sequelize na Entity Framework, huyafunga majina kwa nukuu bila kuuliza. Msimbo wa mtengenezaji una Kituo na RipotiYaMwezi kwa sababu lugha yake ya programu inapenda hivyo, na kanzidata inapokea majina hayo kama yalivyo. Yeye kila kitu kinamwendea vizuri, kwa sababu zana yake huweka nukuu kila mara. Anayeumia ni yule wa wilayani anayefungua kanzidata kwa mkono ili apate jibu ambalo ukurasa wa mfumo hautoi.

Na bado kosa linalopiga kelele lina nafuu. Hatari kubwa ni ukimya. Tuseme ofisa mwingine, baada ya kuambiwa vituo halipo, ameamua kuliunda. PostgreSQL itamruhusu, maana kwake "Vituo" na vituo ni vitu viwili. Sasa majedwali mawili yanaishi jirani. Ripoti za Januari hadi Juni zimefungamanishwa na moja, na za Julai na kuendelea zimefungamanishwa na lingine. Anayejumlisha mwisho wa mwaka anapata nusu ya watoto waliochanjwa, na hakuna taa nyekundu inayowaka. Nusu hiyo inapanda ngazi hadi mkoani na wizarani, na chanjo za mwaka unaofuata zinapangwa kwa kuitazama.

MTUHA, DHIS2 na herufi 11

Tuje kwenye kesi iliyo hai katika kila zahanati ya Ngara na Biharamulo. Tanzania ilianza kuutumia Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, MTUHA, katika miaka ya 1990, kwa vitabu vikubwa vya karatasi. Mjamzito anayehudhuria kliniki bado huandikwa katika kitabu cha MTUHA. Mwisho wa mwezi muuguzi hujumlisha, na majumuisho huingizwa katika mfumo wa kielektroniki. Mfumo huo ni DHIS2, ambao kufikia mwaka 2013 ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara. Unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwa washirika wa siku nyingi, na mizizi yake iko Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi. Chini yake imo PostgreSQL. Rwanda na Burundi, majirani wa Ngara, nazo zinautumia.

Waliotengeneza DHIS2 walifanya uamuzi mmoja wa busara. Majedwali yake ya msingi yana majina ya herufi ndogo tupu: organisationunit kwa vituo na maeneo, dataelement kwa vipengele vya takwimu, datavalue kwa tarakimu zenyewe. Majina hayo ni marefu na ya Kiingereza, lakini hayahitaji nukuu. Ofisa anaweza kuyaandika kwa herufi kubwa, ndogo au mchanganyiko, na yatafika.

Uamuzi wa pili una sura nyingine. Kila kitu ndani ya DHIS2, iwe kituo, kipengele au fomu, hupewa kitambulisho cha alama 11, ya kwanza ikiwa herufi na zilizobaki zikiwa herufi au tarakimu, na ukubwa wa herufi ukihesabiwa. Katika kanzidata ya maonyesho ya DHIS2, iliyotengenezwa kwa mfano wa Sierra Leone, hudhurio la kwanza la mjamzito linaitwa fbfJHSPpUQD. Kwa nini wachanganye herufi? Kwa sababu ya wingi. Kwa njia hiyo vitambulisho vinavyowezekana ni 52 mara 62 ikizidishwa yenyewe mara 10. Ukiondoa tofauti ya kubwa na ndogo, hesabu inapungua mara 459 hivi. Kwa mashine, ni njia ya kuweka tofauti nyingi katika nafasi fupi.

Kitambulisho hicho kinapokaa kama data ndani ya safu, kikifungwa kwa nukuu moja-moja, hakina shida. Lakini katika majedwali ya uchambuzi ambayo DHIS2 huyajenga ili ripoti zitoke haraka, baadhi ya vitambulisho hugeuka kuwa majina ya safu. Hapo kila anayeandika ulizo lake lazima aweke kitambulisho kama "fbfJHSPpUQD" ndani ya nukuu mbilimbili. Asipoweka, PostgreSQL itatafuta fbfjhsppuqd na kusema haipo. Jaribu kumsomea mtu jina hilo kwa simu kutoka Nyakahura, Biharamulo, mtandao ukikatikakatika.

Nje ya kanzidata mambo yanazidi. Ofisi nyingi hulinganisha orodha kwa Excel, na kanuni maarufu ya VLOOKUP haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Vitambulisho viwili vinavyotofautiana kwa ukubwa wa herufi moja, kwake ni kimoja. Uwezekano wa viwili kama hivyo kuangukiana ni mdogo sana. Mkono wa mwanadamu ndio wa kuogopwa zaidi. Excel na Word, mtu anapocharaza neno linaloanza kwa herufi mbili kubwa, huirekebisha ya pili iwe ndogo zikidhani amekosea. Kibodi za simu hukuza herufi ya kwanza ya ujumbe. Kampuni ya Salesforce ilikutana na tatizo hilo kwa vitambulisho vyake vya alama 15, ikaongeza alama 3 za mwisho zinazobeba habari ya ukubwa wa herufi, ili hata zikisawazishwa kitambulisho kibaki cha pekee. Funzo lake ni wazi: kitambulisho cha mashine kinakiliwe na mashine, na binadamu asiachiwe kukicharaza.

Ritifaa yetu

Kiswahili kina mtego wake ambao vitabu vya Wamarekani havitauzungumzia. Sisi tunaandika ng'ombe, ng'oa, ng'ambo. Mkoa wa Geita, unaopakana na Biharamulo, una Wilaya ya Nyang'hwale. Katika SQL, maandishi ya data hufungwa kwa nukuu moja-moja, na nukuu hiyo kwenye kibodi ni alama ileile ya ritifaa. Andika 'Nyang'hwale' na mashine itaona neno Nyang limeisha, kisha hwale isiyojulikana imening'inia nje. Sheria ni kuirudia mara mbili, 'Nyang''hwale', au vizuri zaidi, kuuacha mfumo upokee neno kama kigezo kilicho nje ya amri. Njia hiyo ya pili huziba pia mlango ambao wahalifu huutumia kupenyeza amri zao kupitia masanduku ya kujaza majina.

Wapo wanaotatua tatizo kwa kufuta ritifaa na kuandika Nyanghwale. Huko ni kulipotosha jina ili programu mbovu ipumzike. Tena hata wanaoihifadhi hawaihifadhi kwa namna moja: Word na baadhi ya kibodi za simu hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa kanzidata alama hizo mbili hazina undugu wowote. Halmashauri moja ikaingia kama mbili. Ulizo lililotumwa kwa WhatsApp likiwa na nukuu zilizopinda nalo halitafanya kazi, hata kama kila herufi iko mahali pake.

Jina la mtu, jina la mahali, jina la jedwali

Ngara inajua uzito wa kuandikisha majina. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikazaliwa. Jina katika mazingira kama hayo huandikwa kwa kusikia: mmoja anatamka, mwingine anaandika, na L na R, kubwa na ndogo, zinaamuliwa na mwenye kalamu. Jina la mtu ni haki yake. Lihifadhiwe kama lilivyo, kwa herufi kubwa panapostahili, kwa ritifaa na yote. Kutafuta ndiko kuwe na huruma: kanzidata inaweza kuagizwa ilinganishe majina bila kujali ukubwa wa herufi, na hata kukubali L mahali pa R, huku jina lililohifadhiwa likibaki bila kuguswa.

Jina la mahali nalo hubadilika. Mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi kabla ya kuwa Kagera. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo hadi mwaka 2005, kisha mwaka 2012 ikaingia Mkoa mpya wa Geita. Sensa ya mwaka 2002 iliihesabia Biharamulo watu zaidi ya 400,000. Ya mwaka 2012 ikahesabu takriban 323,000. Asiyejua habari ya Chato atadhani watu walikimbia. Jina ni lilelile, lakini eneo linalotajwa ni jingine.

Kwa hiyo mafundi wanaounda jedwali moja kwa kila wilaya au kila mwaka, "Biharamulo_2004", "Ngara Chanjo", wanafanya makosa mawili kwa mpigo. Wanafunga ndani ya jina la chombo habari ambayo ingekaa ndani ya safu, ambako ingeweza kurekebishwa mstari mmoja. Na wanalazimika kutumia nukuu, kwa sababu ya herufi kubwa au nafasi iliyo katikati. Biharamulo iandikwe kwa B kubwa ndani ya jedwali, pamoja na namba ya kudumu ya eneo na tarehe mipaka ilipobadilika. Jedwali lenyewe liitwe wilaya.

Wanaotetea herufi kubwa

Upande wa pili una hoja zake, nami nazipa uzito. Wanasema RipotiYaMwezi husomeka kuliko ripotiyamwezi. Ni kweli, na ripoti_ya_mwezi husomeka sawasawa bila kuhitaji nukuu. Wanasema zipo lugha ambazo herufi kubwa ya katikati ina kazi, na wanataja isiZulu, ambamo kiambishi huandikwa kwa herufi ndogo na shina likaanza kwa kubwa. Hiyo ni sababu njema ya kuilinda katika data. Jina la jedwali halisomwi na wananchi.

Wanasema pia kwamba nukuu ni lazima pale jina linapogongana na amri za SQL. Anayetaka jedwali la watumiaji liitwe user katika PostgreSQL hana budi kulifunga, na anayeuza bidhaa akitaka order ni vivyo hivyo. Hapa Kiswahili kinatupa faida ambayo hatujaitumia vya kutosha. Amri za SQL ni za Kiingereza. Mtumiaji, agizo, kundi na tarehe haviwezi kugongana nazo. Herufi zetu zote zimo katika ASCII ya kawaida, na hatuna tatizo la Waturuki, ambao i yao yenye nukta na ile isiyo na nukta huzaa herufi kubwa mbili tofauti na kuvuruga kanuni za kusawazisha. Anayeyapa majedwali majina ya Kiswahili kwa herufi ndogo karibu hatahitaji nukuu maishani mwake, na ofisa wa Lusahunga atayaelewa bila mkalimani.

Dakika zinapohesabiwa

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa mkoani Kagera, na Biharamulo ndiyo iliyokuwa kitovu. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, walihesabiwa wagonjwa 10: wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kuwa nao. Wote walifariki.

Ugonjwa wa namna hiyo hufuatiliwa kwa orodha: nani alimgusa nani, siku gani, kijiji gani, leo joto lake likoje. Orodha hizo hukusanywa kwa daftari, kwa simu na kwa Excel, zikaunganishwa kwa haraka na watu waliochoka. Kazi ya mfumo wa taarifa ni kupunguza mzigo wa watu hao. Kijiji kilichoandikwa kwa namna mbili kikitoka kama viwili, au jedwali likijificha nyuma ya V kubwa, muda wanaohitaji kwa wagonjwa unaliwa na herufi. Ndiyo maana silioni jambo hili kuwa la mafundi peke yao.

Tufanye nini

Kwa mifumo mipya, kuanza vizuri hakugharimu kitu. Majedwali na safu mpya ziitwe kwa herufi ndogo, maneno yakiunganishwa kwa mstari wa chini, bila nafasi, ritifaa wala tarakimu ya mwaka, na majina yasizidi urefu unaokubalika kila mahali. PostgreSQL hukata jina likipita baiti 63. Zana zinazoweka nukuu kimyakimya zipewe maelekezo ya majina siku ya kwanza ya mradi, na nyingi zina mpangilio wa kufanya hivyo. Mfumo ujaribiwe kwenye aina ileile ya seva utakakoishi, kabla haujapelekwa wilayani. Mkataba wa kutengeneza mfumo wa halmashauri uitaje kanuni ya majina, kama unavyotaja rangi ya nembo.

Kwa mifumo iliyokwisha kuapa, kiapo kinaweza kutenguliwa. Amri moja hubadilisha jina:

ALTER TABLE "Vituo" RENAME TO vituo;

kisha programu za zamani zitengenezewe dirisha la kutazamia (view) lenye jina la awali, ili zisikwame wakati zinarekebishwa moja moja. Kwanza kabisa, bila shaka, ichukuliwe nakala rudufu, na itazamwe kama kuna majedwali pacha yanayotofautiana kwa ukubwa wa herufi tu. Yakiwepo, kazi ya kuyaunganisha ifanywe na mtu anayezijua takwimu zenyewe.

Na kabla ya jina lolote kupitishwa, lipewe mtihani mmoja usiohitaji kompyuta. Fundi ampigie simu ofisa wa wilaya, alitamke jina mara moja, kisha amwombe aliandike na kulituma. Likirudi kama lilivyotoka, lipite. Mama wa Ngara akiambiwa andika vituo, aandike vituo, na vituo vyake vitokee.